Bwawa la koi uani: figo, duara au mstatili? Fundi kanichanganya

#1 UaniKwangu
Wakuu, habari. Nina nafasi nyuma ya nyumba, mita 5 kwa 3.5, Dar, udongo wa kichanga. Nataka bwawa la koi 12, wale samaki wa rangi wa kutazama. Kwa sasa wana sm 12 hadi 15, wako kwenye tangi.

Fundi amechora umbo la figo, mita 3 kwa 2 pale palipo pana, kina sm 60, kingo za mawe na maporomoko madogo upande mmoja. Anasema kina zaidi ya hapo ni kumwaga saruji bure, na kwamba koi hukua kulingana na bwawa: bwawa dogo, samaki wadogo, basi. Umbo lipi linafaa, kina kiasi gani, na hao 12 wataenea? Karibuni.

#2 Koleo_na_Pima
Anza na hesabu, umbo lije baadaye. Urefu mara upana mara kina, vyote kwa mita, zidisha kwa 1,000 upate lita. Mita 3 × 2 × 0.6 ni lita 3,600, na hapo ni kama lingekuwa boksi. Figo inakula pembe zote nne na kiuno kimebonyea, kwa hiyo unabaki na robo tatu au pungufu. Tuseme lita 2,700. Gawa kwa 12: lita 225 kwa samaki.

Koi aliyekomaa ni sm 60 hadi 70, na wapo wanaopita hapo. Wafugaji wengi hushika lita 1,000 kwa kila samaki mkubwa, na bwawa lenyewe lisipungue lita 4,000 hata kama samaki ni wawili tu. Na urefu usikudanganye. Samaki wa sm 15 akifika sm 60, urefu umekuwa mara 4 lakini uzito umekuwa mara 64 hivi, maana anapanuka na kunenepa pia. Chakula anachokula na kinyesi anachotoa vinafuata uzito.

#3 MkaangaSamaki
Lita 225 kwa koi mmoja? Mkuu hilo si bwawa, ni supu inayosubiri kitunguu.

#4 DuaraMilele
Umbo ni duara, mjadala ufungwe. Bomba la kurudisha maji likilazwa kufuata ukuta, maji yote yanazunguka, na uchafu unajikusanya katikati kama majani ya chai ukikoroga kikombe. Katikati hapo unaweka dreni ya chini, inameza kila kitu. Hakuna kona, hakuna mahali pa uchafu kulala.

Pili ni gharama. Ukuta wa mzunguko wa mita 12 ukiujenga mstatili wa 4 kwa 2 unapata mita 8 za mraba. Ukiujenga duara unapata karibu mita 11.5. Tofali zile zile, maji zaidi kwa asilimia 43.

#5 Kijito_Nbi
DuaraMilele, hesabu yako ni sawa lakini umejibu swali la mtu mwingine. Huyu hana shida ya tofali, ana shida ya nafasi. Eneo lake ni 5 kwa 3.5. Akiacha nusu mita kila upande kwa ajili ya ukuta na mtu kupita, ndani anabaki na 4 kwa 2.5. Duara kubwa litakaloingia hapo lina kipenyo cha mita 2.5, yaani mita 4.9 za mraba. Mstatili ni 10. Duara linamnyang'anya nusu ya bwawa.

Suluhisho linajulikana: mstatili uliokatwa kona. Kila kona ikatwe kwa pembe ya nyuzi 45, nusu mita kwa nusu mita. Kila kona inapoteza mita 0.125 za mraba, zote nne ni nusu mita tu. Unabaki na 9.5, na maji yanageuka bila kukwama. Kina cha mita 1.4 kinakupa lita 13,300. Hapo koi 12 wanaenea, kwa kubana kidogo wakiwa wakubwa.

#6 DuaraMilele
Kukata kona ni kukiri kwamba duara ndilo lililo sahihi 😄

#7 Kijito_Nbi
Ni kukiri kwamba kiwanja ni cha mstatili.

#8 PwaniMchanga
Hamjamweleza figo ina ubaya gani, na fundi atamrudia na hoja ile ile ya urembo. Pale kiuno kinapobonyea kuingia ndani, mkondo unaachana na ukuta. Nyuma ya kibonyeo maji yanajizungusha polepole peke yake, na hapo ndipo tope na chakula kilichobaki vinalala. Umbo la namba nane ni baya zaidi, unakuwa na mabwawa mawili yanayoibiana maji. Umbo la L vivyo hivyo: ule mguu mfupi haupati mkondo kabisa mpaka uwekewe dreni yake na bomba lake.

Kama ni karatasi la plastiki badala ya zege, figo ina mikunjo kila mahali, na kila mkunjo ni mfuko wa uchafu. Karatasi lile gumu la mabwawa ya umwagiliaji halikubali kukunjwa vizuri kwenye mizingo. Na wavu wa kufunika figo lazima ushonwe kwa kipimo chake, ilhali mstatili unanyoosha kamba tu.

Akitaka urembo wa kuzungukazunguka, azungushe bustani. Mawe na mimea vifuate mkunjo anaoupenda, maji yabaki na umbo lililonyooka.

#9 UaniKwangu
Shukrani. Figo nimeiacha. Ila mita 1.4? Kuna watoto nyumbani. Na kwa nini kina kirefu hivyo wakati hapa hakuna barafu? Nimesoma Ulaya wanachimba kirefu kwa sababu ya baridi.

#10 Kenge_Hachoki
Baridi si sababu pekee, huku kwetu Unguja hata si sababu. Sababu ni kenge, korongo, mdiria na paka. Korongo hawindi akiogelea, husimama. Bwawa la sm 60 lenye kingo za mawe yanayoshuka taratibu umemjengea ngazi. Kunguru hawa wa Kihindi nao huokota samaki wadogo kwenye maji ya kina cha kidole. Ukuta ushuke wima kuanzia kingo hadi chini, pasiwe na kibaraza cha mimea. Kenge ni habari nyingine, yeye anaogelea na kuzamia, kina hakimzuii. Kinachomzuia ni ukuta laini ulioinuka juu ya ardhi na wavu.

Kuhusu watoto: kwa mtoto mdogo hata sm 30 za maji zinaua, kwa hiyo sm 60 si usalama. Inua ukuta sm 45 hadi 50 juu ya ardhi, weka wavu wa chuma au mbao wenye fremu unaofungwa kwa kufuli, na uzio mdogo kama wapo wanaotambaa.

#11 Pima_Joto
Nakubaliana na Kenge_Hachoki kuhusu ukuta wima, lakini sababu yangu ya kina ni joto. Bwawa la sm 60 likipigwa na jua la Dar kutwa nzima linapanda na kushuka nyuzi kadhaa kila siku. La mita 1.4 hubadilika kidogo tu. Koi huvumilia joto, hawapendi kuyumbishwa. Wanajisikia vizuri kati ya nyuzi 15 na 25. Ikifika 30 wanaishi, lakini wanahitaji hewa nyingi sana.

Hapo ndipo penye mtego. Maji ya nyuzi 20 yaliyojaa oksijeni hubeba miligramu 9.1 kwa lita. Ya nyuzi 28 hubeba 7.8, ya 30 hubeba 7.6. Samaki naye kwenye joto anapumua zaidi. Akiba inapungua huku mahitaji yanapanda.

#12 Ngong_Upepo
Ndio maana sisi Nairobi tuko sawa na sm 80. Maji yetu ni baridi, oksijeni tele.

#13 Pima_Joto
Hapana ndugu, hapo umesahau mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Maji ya nyuzi 20 kwenu yanajaa kwa miligramu 7.3 hivi, wakati ya Dar kwa nyuzi 28 ni 7.8. Baridi yenu inawasaidia kwa kuwa samaki hapumui kwa kasi. Oksijeni ndani ya maji hamjatuzidi.

#14 Ngong_Upepo
Sawa mwalimu, hiyo sikuitegemea. Pampu ya hewa naiongeza basi.

#15 MkaangaSamaki
Kwa hiyo Nairobi hata samaki anapanda mlima.

#16 Koleo_na_Pima
Turudi kwenye kina. Hoja ya Pima_Joto kuhusu kuyumba kwa joto naikubali, lakini kina kirefu bila kuzungusha maji ni hasara. Maji ya chini yanatulia, hayafikiwi na hewa, uchafu unaozea huko. Hewa huingia kwa juu, kwa hiyo kinachohesabika ni eneo la uso. Bwawa la mita 2 kwa 2 lenye kina cha mita 2.5 lina lita 10,000, na la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha mita 1 lina lita 10,000 pia. La pili lina uso mara mbili na nusu. Ningemwambia ashuke mita 1.2 tu apunguze na uchimbaji.

#17 Kijito_Nbi
Lita ni zile zile kwa hesabu yako, lakini yeye ameshafungwa na 4 kwa 2.5. Uso hauongezeki akipunguza kina, zinapungua lita tu. Kutoka 1.4 kwenda 1.2 anapoteza lita 1,900. Ni samaki wawili hao.

#18 Koleo_na_Pima
Haya. Lakini mtu wa kuvua samaki kwa wavu kwenye mita 1.4 atalowa mpaka shingoni.

#19 Kijito_Nbi
Atashusha maji kwanza kwa dreni. Ndiyo kazi yake.

#20 Nondo_Kumi
Kabla ya kushangilia mita 1.4, mleta mada aseme maji ya ardhini yako wapi. Maeneo ya chini ya Dar, kama Mikocheni, kipindi cha masika ukichimba mita moja unakuta maji. Achimbe shimo la majaribio la mita 1.5, aliache siku mbili aone.

Sababu ni hii. Chukua bwawa la nje mita 4.3 kwa 2.8. Maji ya ardhini yakipanda mita moja juu ya kitako cha zege, yanasukuma juu kwa nguvu ya tani 12. Sakafu ya sm 15 na kuta za tofali za sm 15 zenye kimo cha mita 1.55 zina uzito wa tani 11 hivi. Likiwa limejaa halina shida, maji ya ndani ni tani 13 juu yake. Siku utakapolikausha kwa usafi katikati ya masika, linang'oka au sakafu inapasuka katikati. Fundi atasema saruji ilikuwa mbovu.

Kama maji yako juu: punguza kuchimba, inua ukuta zaidi juu ya ardhi. Au tokeza sakafu nje ya ukuta kama sm 30 kila upande, udongo ukalie hapo uongeze uzito. Na usilikaushe lote masika.

#21 UaniKwangu
Nimechimba leo kwa koleo na mtarimbo. Mita 1.5, mchanga unyevu, hakuna maji mpaka sasa. Nitaangalia tena keshokutwa.

#22 Nondo_Kumi
Uangalie na baada ya mvua kubwa. Kiangazi kinadanganya.

Ukuta: tofali za inchi 6 zilizojaa, nondo mm 10 zikisimama kila sm 40 kutoka kwenye sakafu, na mkanda wa zege wenye nondo juu kabisa. Sehemu iliyo juu ya ardhi haina udongo wa kuisaidia, inabeba maji peke yake. Sakafu imwagwe siku moja bila kukatisha, kwa sababu pale zege la jana linapokutana na la leo ndipo linapovujia. Bomba la dreni liwe limeshalazwa chini ya sakafu, limefunikwa na zege pande zote, na limejaribiwa kwa kujazwa maji saa 24 kabla hujamwaga. Likivuja chini ya sakafu huwezi kulifikia tena.

#23 DuaraMilele
Kuhusu dreni: mstatili wa mita 4 unahitaji mbili. Dreni moja ya inchi 4 husafisha duara la kipenyo cha mita 3 hadi 3.5, si zaidi. Hiyo ni moja ya adhabu za kuacha duara.

#24 Kijito_Nbi
Moja inatosha, na nitakwambia kwa nini mbili zinaharibu. Bwawa la lita 13,300 ukitaka maji yote yapite kwenye chujio mara moja kila saa moja na nusu unahitaji karibu lita 9,000 kwa saa. Zikipita zote kwenye bomba moja la mm 110, kasi ndani ya bomba ni kama sm 30 kwa sekunde. Ukigawa kwa mabomba mawili inashuka sm 15. Kwa kasi hiyo kinyesi kinatulia ndani ya bomba lenyewe, kinaoza humo gizani, na hukioni.

#25 DuaraMilele
Kwa hiyo weka valvu kila bomba, funga moja dakika chache kila siku, nyingine ipate kasi yote. Badilisha. Shida imeisha.

#26 Kijito_Nbi
Shida imeisha mpaka mtu asafiri wiki mbili.

#27 PwaniMchanga
Nyote mna haki nusu nusu. Dreni moja katikati na mabomba mawili ya kurudisha maji kwenye kona zinazokabiliana kimshazari, yakisukuma upande mmoja wa mzunguko. Yalazwe sm 40 hadi 50 kutoka juu. Ncha za mbali zinafagiliwa na mkondo. Sakafu iteremke sm 5 kwa kila mita kuelekea dreni. Fundi apime kwa pima maji, asipime kwa macho. Mteremko peke yake hausafirishi uchafu, mkondo ndio unaosafirisha. Mteremko unasaidia siku ya kukausha.

Majani na vumbi vinavyoelea dreni haivipati, kwa hiyo skima moja upande ambao upepo unaelekea. Upepo wa Dar hubadilika, kusi na kaskazi, chagua upande ambao majani hujaa zaidi kwenye ua.

Na pampu ikae baada ya chujio. Ikikaa kabla inasaga kinyesi kuwa uji, na uji huo chujio haliukamati.

#28 Dada_wa_Vipimo
Ninyi mnagombania mabomba na bwawa ni la zege jipya. Hilo litaua samaki wote wiki ya kwanza kabla dreni haijameza hata jani.

Zege na plasta mpya vinatoa chokaa. pH, kipimo cha uchachu au ubesi wa maji ambapo 7 ni katikati, inapanda 10, 11. Kinachofuata ni amonia, taka wanayotoa samaki. Kwenye maji ya nyuzi 28 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo yenye sumu kali. Kwenye pH 8 ni asilimia 6.5. Kwenye pH 9 ni asilimia 41. Kinyesi kile kile, samaki wale wale, sumu imezidi mara sita kwa hatua moja ya pH.

Utaratibu: plasta ikomae kwa kumwagiliwa maji, wiki 3 hadi 4. Jaza, acha siku 3, mwaga. Sugua ukuta kwa siki na brashi, suuza. Jaza tena, mwaga. Rudia mpaka pH ikae chini ya 8.5 kwa siku tatu mfululizo bila kupanda. Ukipaka rangi maalumu ya mabwawa isiyo na sumu baada ya plasta kukauka kabisa, unafupisha safari.

Kisha chujio. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti, huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawa. Joto la Dar huwaharakisha. Ingiza samaki watatu kwanza, walishe kidogo, pima kila siku mbili. Kumi na wawili kwa mpigo ni mazishi. Maji ya bomba la mtaani yana klorini, ambayo huua samaki na bakteria hao pia: tumia sodiamu thayosalfeti, au yaache kwenye tangi siku mbili na hewa ikipigwa.

#29 UaniKwangu
Ahsante sana dada. Maji yangu ni ya kisima. Hayana klorini, si ndiyo salama zaidi?

#30 Dada_wa_Vipimo
Yapime chumvi kwanza, visima vingi vya pwani vina chumvi. Koi anavumilia kiasi, gramu 3 kwa lita hata hutumika kama tiba ya muda, lakini si maisha yote. Pili, maji yanapotoka chini hayana oksijeni na yana kaboni dayoksaidi. Yapige hewa saa 24 kabla ya kuingiza, pH yake hubadilika yakikaa nje. Ukiona kutu ya rangi ya chungwa kwenye ndoo baada ya usiku mmoja, hayo yana chuma. Yachujwe kwanza.

#31 BinAmu_Maskati
Salaam alaykum jamaa. Huku Muscat joto likikaza bwawa hushuka kwa haraka mno. Kwa eneo lenu la mita 9.5 za mraba, kila sentimita inayoshuka ni lita 95. Kosa la watu ni kujazia tu. Maji hupaa, chumvi hubaki, kila unapojazia unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mwaga kwanza kupitia dreni, asilimia 10 kwa wiki, ndipo ujaze.

Na kivuli. Nusu ya bwawa ifunikwe kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Turubai la matundu linatosha. Mti usipande karibu, mizizi hutafuta nyufa na majani huanguka humo.

#32 Mwembe_Juu
Mwembe je? Kivuli chake ni kizuri.

#33 BinAmu_Maskati
Yakhe, mwembe ndio kabisa. Majani, maua na maembe yaliyooza. Chujio litakulaani.

#34 Lori_Tipa
Hakuna aliyetaja udongo. Shimo la 4.5 kwa 3, kushuka mita 1.25, ni karibu kyubiki mita 17. Udongo ukichimbwa huvimba kama robo, unakuwa 21. Tipa ya mita 7 ni tripu tatu. Panga pa kuupeleka kabla ya kuchimba. Mchanga nao hauwezi kusimama wima mita 1.25, kata mteremko au weka mbao, mtu asifukiwe.

#35 Mzalendo_wa_Kambare
Hela yote hiyo kwa samaki wa kutazama. Weka kambare, hawataki hata dreni.

#36 Kenge_Hachoki
Kambare ni wazuri, na usiku wa mvua hutoka wakatembea. Ukiwachanganya na koi wadogo, asubuhi unahesabu kambare tu. Na koi ni samaki wa kutazamwa kwa juu, ndivyo walivyochaguliwa vizazi na vizazi. Kambare ukimtazama kwa juu unaona tope lenye masharubu.

#37 Mzalendo_wa_Kambare
Masharubu hata koi wanayo 😄 Na si hao koi ni wa Kichina?

#38 Pima_Joto
Karpu wa kawaida, samaki ambao koi wametokana nao, wako sehemu nyingi za Asia. Koi wa rangi wamezalishwa na wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, Japani, karne ya 19, wakaonyeshwa Tokyo mwaka 1914 ndipo nchi nzima ikawajua.

#39 DuaraMilele
Na Wajapani huwafuga kwenye duara.

#40 Pima_Joto
Ungenyamaza baada ya #38 ungeshinda. Mabwawa ya kukuzia kule Niigata ni ya udongo, kwenye matuta ya mlima kama mashamba ya mpunga. Umbo lake ni umbo la mlima, hakuna duara wala mstatili. Samaki hukaa humo kiangazi, vuli huvuliwa na kuhamishiwa matangi ya ndani.

#41 Ngong_Upepo
Hiyo si inaunga mkono figo ya fundi?

#42 PwaniMchanga
Bwawa la udongo ni kubwa, samaki ni wachache kwa ukubwa wake, na tope lenyewe linafanya kazi ya chujio. Ukiwa na mlima, chimba figo. Ukiwa na mita 5 kwa 3.5 unategemea pampu.

#43 UaniKwangu
Swali la fundi hamjalijibu bado: koi hukua kulingana na bwawa? Kweli au uongo?

#44 Dada_wa_Vipimo
Hadumai kwa sababu ameona kuta. Anadumaa kwa sababu maji machache hujaa naitreti na taka haraka. Bwawa dogo lenye maji yanayobadilishwa kila siku hukuza samaki vizuri mpaka akose pa kugeukia.

#45 Koleo_na_Pima
Wapo wanaosema samaki wenyewe hutoa kitu kwenye maji kinachozuia wenzao kukua, ndiyo maana walio wengi mahali padogo mmoja huwa mkubwa na wengine hubaki. Kubadilisha maji huondoa hicho nacho, kwa hiyo majibu yenu yanafanana kwa nje.

#46 Kijito_Nbi
Mmesahau jinsia na damu. Jike hukua kuliko dume, na koi wa bei rahisi wa rangi mchanganyiko hawafiki sm 70 hata uwape ziwa.

#47 Kenge_Hachoki
Mimi nnavyoona ni nafasi ya kuogelea. Mwenye urefu wa kunyoosha mwili na kina cha kupanda na kushuka huwa na mgongo mpana. Wa kwenye beseni huwa na kichwa kikubwa na mwili mwembamba.

#48 Dada_wa_Vipimo
Kichwa kikubwa mwili mwembamba ni njaa au minyoo, Kenge.

#49 Kenge_Hachoki
Au beseni.

#50 Pima_Joto
Na joto. Dar hakuna majira ya baridi ya kuwasimamisha, wanakula mwaka mzima. Hao 12 usitegemee wabaki wadogo.

#51 Nondo_Kumi
Mleta mada, shimo?

#52 UaniKwangu
Siku ya tatu, kavu. Mpango mpya: 4 kwa 2.5, kona zimekatwa, kina 1.4, ukuta sm 45 juu ya ardhi, dreni moja katikati, mabomba mawili ya kurudisha, skima moja. Nitaanza na koi watatu. Fundi anauliza maji yaishie wapi kutoka ukingoni, na umeme ukikatika inakuwaje.

#53 PwaniMchanga
Maji yaishie sm 15 chini ya ukingo, na wavu juu wiki za mwanzo. Koi wageni huruka. Weka na bomba la inchi 2 la kumwagia ziada kwenye kimo hicho, lenye kichujio, mvua kubwa isiwatoe nje.

Umeme: pampu ya wati 80 ikiwaka saa 24 inakula uniti 58 kwa mwezi kwenye LUKU, iweke kwenye bajeti. Ukikatika, pampu ya maji iache izimike, pampu ya hewa ya wati 30 ndiyo iunganishwe na betri. Betri ya ampea 100 ya volti 12, ukitumia nusu yake, inaisukuma kama saa 18. Na usiwalishe mpaka umeme urudi.

#54 DuaraMilele
Na dreni ya pili lazeni bomba lake sasa chini ya sakafu mlizibe tu. Mtanikumbuka.

#55 Kijito_Nbi
Bomba lililozibwa chini ya sakafu ni mahali pa pili pa kuvujia.

#56 Nondo_Kumi
Likizibwa kwa kifuniko cha gundi kabla ya zege na kujaribiwa saa 24 kama lile la kwanza, halivuji.

#57 MkaangaSamaki
Mwiko ninao, nasubiri tu mtakapokubaliana.